Wuthering Heights: penzi lililoingia kwenye rehani

Anayeisoma Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë (1847), kama hadithi ya mahaba tu hukwama katikati, maana Catherine, mpenzi wa Heathcliff, anakufa sura ya 16 kati ya 34. Kinachofuata ni kisasi, na kisasi chenyewe kinapita kwenye mali.

Mzee Earnshaw anamleta nyumbani Heathcliff, mtoto wa kuokotwa Liverpool, na kumpendelea kuliko Hindley, mwanawe wa kumzaa na kaka wa Catherine. Mzee akifa, Hindley anamgeuza Heathcliff kibarua. Kisha sura ya 9: Heathcliff anamsikia Catherine akisema kuolewa naye kungemshushia hadhi, anaondoka kabla ya kusikia kwamba anampenda. Nusu ya maneno tu, nyumba mbili, ya akina Earnshaw na ya akina Linton, zikaangamia.

Anarudi baada ya miaka 3 akiwa na pesa (zilikotoka hatuambiwi, na ni afadhali). Hachomi mtu kisu. Anamwacha Hindley azame kwenye pombe na kamari mpaka shamba lote liwe rehani mikononi mwa Heathcliff. Anamwoa Isabella, wifi yake Catherine (ambaye sasa ameolewa na Edgar Linton), bila kumpenda. Baadaye anamfungia ndani Cathy, binti wa Catherine, mpaka aolewe na mwanawe Linton, kijana anayekaribia kufa.

Majina yanajirudia, hivyo chora ukoo kwenye karatasi kabla ya kuanza.

Mzimu wa Catherine unaotokea dirishani unatisha, lakini si kama Hareton, mtoto wa Hindley: Heathcliff anamnyima elimu makusudi, vilevile alivyotendewa yeye.