Kabla ya sebene

Goma, Alhamisi usiku.

Kesho tunarekodi onyesho la bendi ya rumba. Orodha ya nyimbo ina majina tu, na jina la wimbo halimsaidii mpiga kamera. Anachotaka kujua ni sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, inaingia dakika ya ngapi. Katika rumba nusu ya kwanza ni ya mwimbaji, hapo uso wake unatosha. Sebene ikifunguka, yeye anarudi nyuma, gitaa la solo linashika usukani, atalaku, mchochea dansi wa bendi, anapaza sauti, wachezaji wanajaa jukwaani. Kamera iliyoganda usoni mwa mwimbaji itavikosa vidole kwenye nyuzi. Basi mazoezini mtu akae na saa, aandike kila wimbo unageuka wapi. Jukwaani bendi hurefusha, ndiyo, kwa hiyo dakika hizo ni tahadhari tu. Sikilizeni solo inapoanza kuzungusha kipande kifupi kilekile. Kamera ya tatu ibaki pana juu ya stendi na isiguswe. Mhariri atawashukuru.

Sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Waya wa mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, peke yake unadanganya: katika ukumbi mdogo drumu na ampli za gitaa zinajisikia zenyewe, fundi hazipandishi, na rekodi inatoka na mwimbaji sikioni, drumu kwa jirani. Ongeza maikrofoni mbili ukumbini. Zote zirekodi kwa kilohezi 48, kilele kikiishia desibeli −12. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyo mita 14 kutoka jukwaani inachelewa takriban fremu moja, ukipiga fremu 25 kwa sekunde. Sogeza rekodi yake wakati wa kuhariri ioane na ya mikisa, la sivyo kila pigo la drumu litakuwa mawili.

Halafu muungurumo wa umeme, unaoingia kwenye rekodi ethi ikiwa mbovu. Mji huu umekaa juu ya lava, na fimbo ya ethi, ya kuunganisha umeme na ardhi, haizami kirahisi kwenye mwamba. Kinasa sauti kitumie betri, kisiguse umeme wa jenereta kabisa.

Shata ya kamera, yaani muda wa kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Jenereta ikilemewa, baadhi ya taa huanza kupepesa na mistari kupita kwenye picha. Punguza mzigo kwanza, ndipo uhangaike na kamera.

Kadi za kamera: kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa moja na nusu. Ibadilishwe mfadhili akiwa anahutubia.