Nilivyoongeza muda wa shahada ya uzamili Ziwa Tanganyika lilipofungwa

Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na mimi nilikuwa katikati ya kukusanya data. Nilikuwa napima uzito wa dagaa na migebuka wanaoshushwa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, hapa Kigoma. Mitumbwi isipoingia ziwani, mizani haina kazi. Usajili wangu chuoni ulikuwa unaisha 31 Oktoba mwaka huohuo.

Uamuzi wa kwanza ni kama unaahirisha masomo au unaongeza muda. Watu huvichanganya, na ndipo wengi wanapopotelea. Ukiahirisha, chuo kinakuhesabu kuwa haupo: muda wa masomo unasimama, lakini na haki zako za mwanafunzi zinasimama pia. Msimamizi hana wajibu wa kusoma rasimu zako, na kibali cha utafiti ulichopewa kama mwanafunzi kinakosa mguu. Data utakayokusanya katika kipindi hicho inaweza kuhojiwa na mtahini. Ukiongeza muda, unabaki mwanafunzi kamili, ila saa inaendelea kwenda na ada ya muda wa ziada unailipa.

Kipimo nilichotumia ni hiki: je, sababu yangu inanizuia kusoma kabisa, au inachelewesha sehemu moja ya kazi? Ugonjwa mzito, uzazi au kuuguza mtu nyumbani ni sababu za kuahirisha. Kufungwa kwa ziwa kulizuia mizani tu. Mapitio ya maandiko, sura ya mbinu na kusafisha data ya Januari hadi Mei vyote viliweza kuendelea, na nilimhitaji msimamizi kwa kila kimoja. Kwa hiyo nikaomba kuongezewa muda.

Usiombe muda kwa kukisia. Anza na siku ya kuwasilisha tasnifu, kisha rudi nyuma. Chuo changu kinataka notisi ya kusudio la kuwasilisha miezi mitatu kabla, na hapo wengi hukwama: wanaomba miezi mitatu, kumbe notisi peke yake inaimeza yote. Hesabu yangu ilikwenda hivi: data kuanzia ziwa linapofunguliwa hadi katikati ya Desemba, uchambuzi hadi mwisho wa Januari, na notisi iende wakati huo, matokeo na mjadala Februari, Machi ya msimamizi kusoma, Aprili ya marekebisho, kukagua ulinganifu wa maandishi (kama kuna yaliyofanana na kazi za wengine) na kuchapa. Ikaja miezi sita, kuanzia 1 Novemba 2024 hadi 30 Aprili 2025.

Mtu wa kamati aliyekaa mbali na ziwa anaweza kuuliza kwa nini data ichukue muda mrefu hivyo. Mjibu kabla hajauliza. Niliandika kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika kwa sababu taa haivuti samaki vizuri. Mwezi wa kalenda, kwa hiyo, hautoi siku thelathini za kupima. Niliongeza kwamba wiki za mwanzo baada ya kufunguliwa haziwezi kuunganishwa moja kwa moja na data ya kabla ya Mei, maana samaki walikuwa wamepumzishwa. Lazima zitengwe na kuchambuliwa kivyake. Maelezo hayo mawili ndiyo yaliyobeba ombi.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza itaje unachotaka na tarehe zake: "Naomba kuongezewa muda wa usajili kwa miezi sita, kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 hadi 30 Aprili 2025." Zifuate sababu, kazi iliyokwisha, kazi iliyobaki. Shida za maisha ambazo huna karatasi yake ziache. Viambatisho vyangu vilikuwa tangazo la serikali la kusimamisha uvuvi, barua ya afisa uvuvi kuthibitisha kwamba mialo hiyo miwili imo katika katazo, ripoti ya maendeleo iliyosainiwa na msimamizi, ratiba ya kazi iliyobaki, na risiti za ada. Deni la ada, hata dogo, husimamisha faili kabla halijasomwa. Kama sababu yako ni ugonjwa, weka taarifa ya daktari yenye tarehe ya kuanza na kumalizika kwa mapumziko. Cheti kinachosema tu kwamba mgonjwa alionwa hakitoshi.

Ombi hupita kwa msimamizi, mkuu wa idara, kamati ya uzamili ya ndaki, halafu kurugenzi ya masomo ya uzamili. Kamati hukaa kwa ratiba, na faili likikosa kikao linasubiri kijacho. Muulize katibu wa idara tarehe ya mwisho ya kupokea mafaili. Tarehe ya kikao haikusaidii, kwa sababu makabrasha hufungwa mapema. Nililipeleka ombi Juni, ziwa likiwa bado limefungwa. Ukingoja Oktoba, mfumo wa chuo utakufunga kabla kamati haijakaa, kisha utaombea kurudishwa masomoni, na hilo ni ombi jingine zito zaidi.

Kutoka Kigoma si lazima kusafiri. Nilituma kila kitu kwa barua pepe ya chuo, faili moja la PDF lililopangwa kwa namba za viambatisho. Skani kwenye stesheneri, usipige picha kwa simu: kivuli kikipita juu ya mhuri, karani anarudisha. Saini ya msimamizi nayo iombwe mapema, pamoja na rasimu ya maoni yake ili arekebishe badala ya kuanza upya. Wasimamizi wana wanafunzi wengi.

Barua ya kukubaliwa ikifika, kazi haijaisha, maana kuna tarehe nyingine mbili zinazotegemea ile ya usajili. Ya kwanza ni kibali cha utafiti. Changu kilikuwa kinaisha siku moja na usajili. Chuo kikatoa barua mpya kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye alimwandikia Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na nakala zikashuka kwa watendaji wa kata na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya jamii vinavyosimamia uvuvi kwenye mialo. Mnyororo huu ufuatilie mwenyewe ngazi kwa ngazi, ukiwa na nakala mkononi. Kiongozi wa BMU akikuta barua imepitwa na tarehe ana haki ya kukuzuia kupima, hata kama mnafahamiana.

Ya pili ni ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri. Kwa mtumishi wa umma, kukubaliwa na chuo hakumwongezei siku hata moja kazini. Andika kupitia kwa mkuu wako wa idara, ambatisha barua ya chuo, na fanya hivyo kabla ruhusa ya awali haijaisha. Ikipita bila barua, unahesabika mtoro.

Ada ya muda wa ziada ilipe baada ya kupata barua ya kukubaliwa, kwa kontroo namba iliyotolewa kwa ajili hiyo. Ukitumia namba ya muhula uliopita, fedha huingia kwenye kifungu kingine na usajili unabaki haujafunguka. Baada ya kulipa, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uone tarehe mpya ya mwisho imeandikwa. Kwangu mfumo uliendelea kuonyesha 31 Oktoba, na huduma za maktaba mtandaoni zingekatwa siku hiyo. Barua pepe moja kwa ofisi ya usajili, ikiwa na barua ya kukubaliwa na risiti, ilisahihisha tarehe.