Natafuta Peugeot 504 au Mercedes-Benz 123 ya kubebea watoto

Kwa muda sasa natafuta gari ya zamani ya familia, milango minne, buti kubwa nyuma, gia ya mkono. Sio ya kufunika turubai na kuitoa Jumapili ipigwe picha. Nataka ya kupeleka watoto shule asubuhi, ya kwenda sokoni, na ikifika Desemba tunapakia mizigo, tunavuka msitu wa Mabira, Jinja, Iganga, Bugiri mpaka nyumbani Tororo na tunarudi Kampala salama. Jamaa kazini wananiambia bwana we chukua Toyota Premio, spea ziko kila kona na siku ukitaka kuuza unauza kabla ya saa sita mchana. Ni kweli na sibishani na mtu, Premio ni gari nzuri. Lakini mimi napenda zile gari ambazo ukifungua boneti unaona injini yote na ardhi chini yake, hii karabureta, hii distributa, ile pale pampu ya maji, na fundi anatengeneza kila kitu kwa spana na akili yake bila kuchomeka kompyuta. Nataka wanangu wakue wakiona jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalifikirii, hii gari huwezi kuagiza. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo usiote habari ya kuletewa Benzi safi kutoka Japani au Uingereza, zilizopo ndio hizo hizo, zile zilizoingia zamani zikabaki nchini, na kila moja inayokatwakatwa kuwa chuma chakavu haina mwenzake wa kuja badala yake. Hilo linaniuma kwa kweli. Ndio maana bondi za Nakawa, zile yadi za magari yaliyoagizwa nje, sipiti kabisa, natafuta kwenye majumba ya watu, kwenye garaji za vichochoroni, kwa wazee waliostaafu.

Moyo wangu ulianzia kwa Peugeot 504. Ilitoka 1968 na 1969 ikawa Gari la Mwaka la Ulaya, lakini huku kwetu hiyo zawadi nani aliijua, sisi tuliijua kwa barabara mbovu. Yale mashindano ya magari ya Safari Rally yalipoanza 1953 yalikuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Peugeot 404 iliyashinda 1963, 1966, 1967 na 1968, halafu 504 ikashinda 1975 na ile kupe yake, yaani ya milango miwili, yenye injini ya V6 ikarudia 1978. (Na tusimsahau Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mfululizo 1979 mpaka 1982 na Datsun Violet, gari ya familia kabisa kwa umbo lake. Vijana wengi hapa Kampala hawamjui na inasikitisha.)

Ukitafuta 504 inama uangalie nyuma chini kabla hujasikiliza maneno ya broka. Ile GL kila gurudumu la nyuma linacheza lenyewe na springi zake zina mwendo mrefu, ukiingia shimo waliokaa nyuma hawarushwi. Ile L ina ekseli moja nzima nyuma, ni ngumu na haisumbui, ila starehe si ile ile. Injini zake nazipenda kwa sababu silinda ni slivu, yaani mirija ya chuma ya kuchomoa, zimezungukwa na maji, yaani ikichoka unatoa slivu na pistoni unaweka seti mpya na bloku ni ile ile, huna haja ya kupeleka kuchonga. Ubaya wake ni hedi, kile kipande cha juu cha injini, ambayo ni ya aluminiamu. Ikichemka mara moja vibaya inapinda. Feni yake kiwandani ilikuwa na klachi ya sumaku ya umeme, inashika tu injini ikipata joto, na nyingi nilizoziona mafundi wameshaikaza izunguke muda wote na thamostati, ile inayoongoza maji ya kupoza injini, wameitupa. Ukikuta hivyo muulize mwenye gari kwa upole ilichemka lini, na uangalie uso wake anapojibu.

Moja niliiona Ndeeba, nyeupe, imepigwa rangi inang'aa mpaka unajiona. Nilienda na mzee mmoja fundi ambaye ametengeneza Peugeot tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Hakutaka hata kusikia injini. Alitoa mfukoni sumaku ndogo aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha taratibu kwenye bodi, juu ya gurudumu la mbele, ikashika, akateremka chini ya mlango, ikaanguka. Akaiokota, akajaribu upande wa pili, ikaanguka tena. Puti tupu, ile ya kuzibia mashimo, si bati. Akainua kapeti ya dereva, chini kulikuwa na bati jipya limechomelewa juu ya kutu bila kukata ile kutu. Akaniambia, "Mwanangu, injini ntakutengenezea hata usiku. Hii bodi hamna mtu atakutengenezea." Tukaaga vizuri tukaondoka. Tangu siku hiyo gari yenye rangi mpya naiogopa zaidi kuliko yenye rangi iliyofifia, nipe ile iliyopauka na jua lakini rangi yenyewe ni ya kiwandani, hapo najua naona nini.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenielekeza kwa Benzi 123. Ilitoka 1976, ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya themanini, karibu gari milioni 2.7 zilitengenezwa ukihesabu na zile stesheni wagoni na kupe. Nilikuwa naiona ni gari ya wakubwa, lakini ile 240D ya dizeli ni kazi tu, nguvu za farasi 72 kwenye zile za mwisho, haina haraka hata kidogo, ukiwa na mzigo na mlima ni mrefu unarudisha gia na unavumilia. Mimi sina haraka na watoto ndani.

Basi Jinja nikaipata moja, ya hajati mmoja, mumewe alishafariki na gari imekaa chini ya banda. Rangi ya krimu imepauka. Sumaku ilishika karibu kila mahali, sehemu za kupigia jeki nzima, pembe za kioo cha nyuma kuna kutu kidogo, sahani ya betri imeliwa lakini hiyo inabadilishwa. Kijana wake akaiwasha, ikasubiri ile taa ya plagi za joto izime, ikashika. Sasa akazima swichi, akatoa funguo, injini ikaendelea kunguruma. Hajati akanitazama, akasema wote waliokuja kuiona wakifika hapo wanakimbia. Kijana akafungua boneti akasukuma kile kiwiko kilichoandikwa STOP, ikazima. Hii gari inazimwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye vibomba vidogo vya plastiki, na loki za milango nazo zinatumia mfumo huo huo, kibomba kimoja kikipasuka au mpira ukichoka mahali funguo haizimi injini. Ni ugonjwa mdogo. Nilimweleza hajati hivyo hivyo, sikutaka kutumia hofu yake kushusha bei, na bei yake ya shilingi milioni 11 naiona ni haki.

Kilichobaki ni karatasi. Logibuku iko kwa jina la marehemu, na bila barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani hamna mtu wa kutia sahihi ya kuhamisha. Broka mmoja aliyesikia habari akanipigia anasema lipa tu, endesha, hayo mengine baadaye. Hapana. Gari ya yatima hainunuliwi hivyo, na kesho mtoto mmoja akidai fungu lake atakuwa na haki. Nikamwambia, "Hajati, mkae na watoto muanze hizo karatasi, mimi nangoja." Akanishukuru, akanifungia maembe ya watoto.

Mama watoto naye ana sharti moja na yuko sahihi: mikanda nyuma au hapandi mtu. Ya Jinja haina, zile siti za nyuma zilishashonwa upya na mikanda ikapotea, lakini matundu ya boliti yako kwenye bodi, kwa hiyo inafungika bila kutoboa. Breki za ABS, zile zisizoacha magurudumu yajifunge ukikanyaga ghafla, zilikuwa za kulipia zaidi kuanzia 1980 na hii haina, basi mipira ya breki na paipu zote ntabadilisha kabla mtoto yeyote hajakaa ndani. Wiki ijayo mzee anakwenda na mimi na geji ya kupima kompresheni, yaani jinsi silinda zinavyobana hewa. Mahakama ikichukua muda mrefu sana kuna 504 GL naambiwa iko Mbale, ya mwalimu mstaafu, rangi ya zamani, ntaiona pia. Na kama kuna mtu kwenye soko la spea la Kisekka au popote ameona mikanda ya nyuma ya 123, ile ya kiwandani, aniambie nije niichukue.