Nilivyopata molekuli inayoishika TAR na kuziacha RNA nyingine

Nimekulia Kisumu, na neno Ukimwi nililijua kabla sijalijua neno kemia. Ndiyo maana nilipofika Ujerumani kwa masomo ya uzamivu nilichagua TAR, kipande cha RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni) ya HIV chenye nyukliotidi 59, yaani viungo 59 vya mnyororo wake. Protini ya virusi iitwayo Tat hukishika, na hapo unakili wa jeni za virusi hushika kasi. Nilitaka molekuli ndogo ya kukalia nafasi ya Tat. Nafasi yenyewe ni finyu: nyukliotidi tatu, U, C, U, zisizo na wenza, zimetokeza ubavuni kama kifundo.

Nilitumia peptidi ya Tat, yaani kipande kifupi cha protini hiyo, iliyotiwa rangi. Ikishikwa na TAR hung'aa. Ikisukumwa nje, mwanga hufifia. Kila asubuhi RNA ilikaa dakika tatu kwenye nyuzi 95, kisha barafuni haraka, ijikunje umbo lake. Siku moja nilishika mrija bila kubadilisha glavu, jeli ya kukagulia RNA ikaonyesha ukungu badala ya mstari: vimeng'enya vya ngozi yangu vilikuwa vimeshaikatakata.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kampaundi 11 zilizofifisha mwanga. Nilifurahi mno. Msimamizi wangu akaitazama michoro, akauliza, "Umeweka tRNA?" Alimaanisha RNA ya kawaida ya seli, ili ishindane na TAR.

Sikuwa nimeweka. Uti wa RNA una chaji hasi mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo chochote chenye amini nyingi, zenye chaji chanya, huigandia RNA yoyote. Neomisini huishika TAR, lakini kazi yake hasa ni kushika ribosomu, kiwanda cha protini, ya bakteria. Na seli imejaa RNA. Nikarudia jaribio nikiwa nimeongeza tRNA mara 100 ya TAR. Kampaundi tisa zikapoteza nguvu papo hapo. Ya kumi ilikufa nilipotia sabuni kidogo ya maabara. Kumbe ilikuwa inajikusanya mabonge tu.

Ikabaki moja, dhaifu: ilihitaji mikromola 60 (kipimo cha ukolezi; kadiri inavyohitajika kidogo ndivyo ilivyo na nguvu) kuondoa nusu ya peptidi. Wenzangu wengi wangeiacha. Mimi niliing'ang'ania kwa sababu tRNA haikuitikisa. Nilikuwa nikiikumbuka dawa ya risdiplam, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2020 kwa ugonjwa wa kudhoofika misuli unaotokana na uti wa mgongo. Hiyo hunywewa mara moja kwa siku, na hufanya kazi kwa kukaa pale RNA ya jeni SMN2 inapokutana na U1, sehemu ya mtambo wa seli unaounganisha vipande vya RNA, ili kipande kiitwacho eksoni ya 7 kisirukwe. Ilinipa imani kwamba umbo linalolingana na pengo linaweza kushinda wingi wa chaji.

Basi nikaondoa amini mbili kati ya tatu, nikaongeza pete bapa, nikajaribu upande huu na ule. Toleo la 14 lilifika mikromola 9. Nilipoweka tRNA, 11. Nilirudia jaribio mara tano kabla ya kumwonyesha mtu.

Swali sasa ni kama inapita utando wa seli. Sahani ya kwanza niliiweka kwenye inkubeta jana saa kumi jioni.