Bendi laivu Moshi, ukumbi mdogo raha kubwa

Jumamosi nilikuwa Moshi mjini kwenye kabaa flani kanakopigisha bendi, yani hata watu hamsini hawaenei vizuri, jukwaa hakuna, mpiga besi anasimama hapohapo pembeni ya meza yenu mpaka unaona vidole vinavyotembea kwenye nyuzi, na hiyo ndo sababu muziki wa dansi naupenda sehemu ndogo kuliko kwenye matamasha. Unasikia kila kitu. Gita la solo linaongea, la rizimu linajibu, tumba zimewashikilia wote wasikimbie.

Walianza taratibu na mashairi, sauti tatu zinapokezana, alafu ikaja chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, aisee! Mama mmoja meza ya jirani akaweka soda chini akasema "jamani hii ya Mbaraka mimi siwezi kukaa", na ukumbi mzima ukanyanyuka nae. Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gita la solo wa zamani, amefariki 1979, mimi hata sijazaliwa, lakini hawa vijana wanalipiga lile solo kwa heshima kabisa, huoni mtu anaharakisha.

Nyama choma ilikuwepo, ndizi zilikuwepo, sawa. Ila ukienda sehemu kama hizi tafadhali mtunze mwanamuziki, elfu mbili tatu umuwekee mkononi akiwa anapiga, kiingilio peke yake wakigawana bendi nzima kinabaki kidogo sana.

Mimi namba ya kiongozi wao nimechukua. Harusi ya dada Desemba nawataka haohao, di jei atapiga wakipumzika.