Riwaya za watu wazima kwa binti wa miaka 14

Msomaji wa Kiswahili anayefikisha miaka 13 au 14 na kuvimaliza vitabu vya watoto hukuta pengo mbele yake. Amekwisha kuzipita hadithi fupi zenye picha, na zinazomngojea ni riwaya zilizoandikwa kwa ajili ya watu wazima. Katikati hakuna vingi zaidi ya vitabu vya shule, ambavyo husomwa kwa ajili ya mtihani. Binti wa dada yangu, ninayeishi naye hapa Tabata, amefika hapo, na kila tunaposimama mbele ya vitabu huniuliza, "Mama mdogo, hiki naruhusiwa?" Swali hilo linastahili jibu refu kuliko ndiyo au hapana.

Wazazi wengi ninaozungumza nao hupima riwaya kwa mambo yaliyomo: kuna mapenzi, kuna pombe, kuna mauaji, basi haifai. Sikubaliani na kipimo hicho, kwa sababu mtoto anayepanda daladala za Dar es Salaam kila asubuhi amekwisha kuyasikia yote hayo kabla hajafika shuleni. Ninachokiangalia mimi ni namna mwandishi anavyoyachukulia. Je, ubaya unaotendwa kitabuni una uzito kwa aliyetendewa, au umewekwa ili hadithi ichangamke tu? Je, mwanamke anayeingia katika sura ya tatu ana nia na mawazo yake, au ameletwa ili atazamwe? Kwa sababu hiyo riwaya nyingi za ujasusi za miaka ya 1970 na 1980, ambazo wazazi wetu walizisoma kwa pupa, naziacha zisubiri. Risasi zake hazinisumbui. Kinachonisumbua ni wanawake wanaotongozwa na kuuawa humo bila msimulizi kuonekana kujali kwamba walikuwa watu.

Hadithi za upelelezi kwa jumla hazina ubaya, na kwa kweli ndizo ninazoanzia. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu, na watu wako tayari kuamini makubwa, lakini Bwana Msa anavuta kiko chake na kuendelea kuuliza maswali. Mauaji yamo, ila raha yote ya kitabu imo katika kufikiri. Kiswahili chake ni cha Unguja, kwa hiyo msomaji aliyekulia bara anahitaji uvumilivu katika kurasa za mwanzo. Mwache azisome taratibu, na akikwama kwenye neno aulize.

Kinachofuata ni Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979. Inamfuata Rashidi tangu utotoni hadi anapokuwa mchukuzi wa bandarini Zanzibar, na inafikia mgomo wa mwaka 1948. Kuna umaskini, kazi za kuvunja mgongo na misiba, lakini msomaji mdogo anayafikia hayo pamoja na mtoto anayekua, kwa hiyo hatupwi katikati ya mambo asiyoyajua chanzo. Sisi wa Dar es Salaam tuna sababu nyingine ya kuipenda: wafanyakazi wa bandari yetu nao waligoma mwaka 1947, na mtoto anayevuka kwa pantoni kwenda Kigamboni anapita karibu kabisa na mahali palipotokea historia hiyo.

Vuta N'kuvute, ya mwandishi huyo huyo, ilitoka mwaka 1999 na husomwa katika kidato cha tano na cha sita. Yasmin ni msichana mdogo aliyeozwa kwa mwenye duka aliyemzidi umri mno. Anamkimbia, na mapenzi yake na Denge, kijana anayepambana na ukoloni, yanasimuliwa waziwazi. Ningependa binti asubiri mwaka mmoja au miwili, lakini singependa asubiri hadi awe mtu mzima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019, waliokuwa wakizungumziwa ni wasichana wa rika lake. Ana haki ya kuijua habari ya Yasmin akiwa bado katika umri huo.

Ubishi mkubwa kati yangu na dada yangu ni juu ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kuzuiwa shuleni na baadaye ikaja kufundishwa. Dada anaona isubiri hadi binti amalize shule. Mimi naona miaka 16 inatosha, kwa sharti kwamba asiisome peke yake, kwa sababu Rosa anaishia kujiua, na ukurasa wa namna hiyo hautakiwi kumkuta msichana usiku akiwa hana wa kuzungumza naye. Ninaitetea kwa sababu inamwonyesha baba anayedhani kwamba ukali na kipigo vinamlinda binti, kisha inaonyesha hatua kwa hatua jinsi ukali huo ulivyomwacha binti bila silaha yoyote alipotoka nyumbani. Wazazi wangefaidika nayo zaidi kuliko watoto wao.

Kuna jambo jingine ninalolishikilia. Nakala nyingi zilizotumika zinazouzwa kandokando ya barabara kule Posta zilikuwa za wanafunzi. Nilifungua Kuli moja nikakuta pembeni ya aya ya msiba mtu ameandika kwa kalamu ya bluu "dhamira: unyonyaji", akapiga mstari mara mbili. Simlaumu, alikuwa na mtihani. Lakini anayesoma kwa hiari simuulizi dhamira wala ujumbe. Namuuliza ni nani aliyemwonea huruma na ni nani aliyemkasirisha, na majibu yake hunieleza kama kitabu kimemfaa. Asipokimaliza simlazimishi.

Kwa mtoto mwenye subira kuna Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, aliyeiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikachapishwa mwaka 1980. Ni ndefu sana, na urefu huo ndio unaoifaa likizo ya Desemba. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, inaanza na Yusuf mwenye miaka 12 anayechukuliwa kulipia deni la baba yake. Hiyo naiweka karibu na Vuta N'kuvute, kwa sababu baadhi ya watu wazima wanaomzunguka Yusuf wanamtazama kwa macho ambayo mtoto anahitaji kuelezwa.

Ninayoitafuta sasa ni Shida ya Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1975, inayowahusu vijana wanaoacha kijiji na kuja Dar es Salaam. Imeandikwa na mwanamke, inahusu mji wetu, na wahusika wake hawajamzidi sana umri. Wauzaji wa pale Posta wanaifahamu kwa jina lakini hawana nakala, kwa hiyo Jumamosi tutakwenda kuiulizia Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kama ipo nitaisoma mimi kwanza.