Baridi ya Uyole, kadi inaungua

Julai hii huku Uyole, Mbeya, tunalala na blanketi mbili, halafu kompyuta yangu ya mezani inachemka kama chungu cha maharage! Nikicheza gemu kidogo tu, kadi ya grafiki (ile inayochora picha za kwenye skrini) inafika nyuzi 88, feni zinalia, picha zinakwamakwama maana kadi ikizidi joto hujipunguzia kasi yenyewe.

Jana nikaifungua. Aisee, vumbi limeshikana kama sufi ya mto. Nikazizuia feni kwa kidole zisizunguke, nikapuliza. Pesti ya kupitisha joto juu ya chipu ilishakauka, inamomonyoka kama ugoro. Nikaifuta kwa spiriti, nikapaka mpya.

Sasa haivuki 71. (Na kompyuta nilikuwa nimeibana ukutani, hewa haipiti, mwenyewe!)

Mke wangu analalamika: mikono atapashia wapi?